Saumu na Sumo: Kijana wa Misri Aliyewaangusha Mabingwa wa Japani

Jina lake la kuzaliwa ni Abdelrahman Ahmed Shaalan. Wajapani walimpa jina la Osunaarashi, na maana yake ni tufani kubwa ya mchanga. Baina ya majina hayo mawili ndimo ilimo habari ninayotaka kumsimulia msomaji leo: habari ya kijana wa Kiislamu aliyetoka ukingoni mwa Nile akaenda kupigana mieleka katika mchezo ambao Wajapani huuhesabu kuwa sehemu ya dini na mila zao.

Yeye ndiye Mwafrika wa kwanza kuingia katika sumo ya kulipwa. Alipanda haraka, akawaangusha mabingwa wakubwa ilhali yumo katika saumu, kisha akaporomoka. Wala hakuporomoshwa na mtu mwenye kilo mia mbili. Aliporomoshwa na gari, na neno la uongo lililosemwa kwa kuogopa.

Watu wengi hupenda nusu ya kwanza ya kisa hiki na kuinyamazia ya pili. Mimi naona nusu hizo mbili hazitengani, na atakayenifuata hadi mwisho ataona kwa nini.

MCHEZO WENYEWE

Sumo si ile mieleka ya televisheni, ya watu kurukiana kutoka juu ya kamba. Uwanja wake huitwa dohyo. Ni jukwaa la udongo ulioshindiliwa, na juu yake pana duara lenye upana wa mita 4.55 lililozungushiwa robota za majani makavu ya mpunga. Anayetolewa nje ya duara, au akagusa chini kwa kiungo chochote kisichokuwa nyayo zake, ameshindwa. Aghalabu pambano huisha kwa sekunde chache tu. Ukipiga chafya umelikosa.

Hakuna kugawanywa kwa uzito. Mtu wa kilo 110 huweza kupangiwa mtu wa kilo 190, na ajitetee kwa akili yake. Njia zinazotambuliwa rasmi za kumshinda mtu ni 82, tangu kumsukuma hadi kumkwatua mguu.

Vazi lao ni mshipi mzito wa kitambaa uitwao mawashi, hupitishwa baina ya mapaja ukazungushwa kiunoni, mfano wa wavuvi wetu wanapopiga ubinda. Kabla ya kukamatana, wapiganaji hurusha chumvi ili kuusafisha uwanja, hunyanyua miguu na kuikanyagisha chini kwa kishindo. Mambo haya yote yana asili yake katika dini yao ya Shinto, na hata paa lililoning'inizwa juu ya uwanja limejengwa kwa sura ya hekalu.

Mashindano makubwa ni sita kwa mwaka, kila moja la siku 15. Matatu hufanyika Tokyo, katika Januari, Mei na Septemba. Ya Machi huwa Osaka, ya Julai Nagoya na ya Novemba Fukuoka. Madaraja nayo ni sita. Wanasumo ni mamia, lakini wanaopata mshahara ni 70 tu: 28 wa daraja la juryo na 42 wa daraja la juu kabisa, makuuchi. Waliobaki hupata chakula, malazi na posho ndogo. Juu ya wote hukaa yokozuna, bingwa mkuu, ambaye hashushwi cheo akishindwa. Akiona nguvu zimemwisha, anatarajiwa ajiuzulu mwenyewe.

KUTOKA GIZA HADI TOKYO

Shaalan alizaliwa tarehe 10 Februari 1992 huko Giza, upande wa pili wa mto ukitoka Kairo, mahali penye mapiramidi. Tangu utotoni alipenda kujenga mwili kwa kunyanyua vyuma. Alipofika umri wa miaka 14 akaonjeshwa sumo na watu wa kwao waliokuwa wakiicheza kama burudani. Aligundua upesi kwamba misuli haitoshi, kwa kuwa wenzake waliokuwa wepesi kuliko yeye walimbwaga chini. Badala ya kukasirika na kwenda zake, akaupenda mchezo ule.

Akashiriki mashindano ya kimataifa ya vijana wasiolipwa, na moyo wake ukamtuma Japani. Lakini kuingia sumo ya kulipwa si sawa na kusajiliwa katika timu ya kandanda. Kila mwanasumo lazima awe chini ya heya, yaani nyumba yenye mkuu wake, na kwa kanuni za Chama cha Sumo cha Japani kila heya huruhusiwa mgeni mmoja tu. Nyumba ni chache na wageni wanaobisha hodi ni wengi. Tena huyu alikuwa mgeni wa namna nyingine kabisa: Mwarabu wa Misri, anayesali mara tano kwa siku, asiyekula nguruwe, na ambaye mwezi mmoja katika mwaka hali wala hanywi mchana kutwa. Mkuu gani wa nyumba angejitia katika mashaka hayo?

Nyumba ya Otake ya mjini Tokyo ilimpokea. Nyumba hiyo ilianzishwa na Taiho, yokozuna aliyetwaa ubingwa mara 32, rekodi iliyodumu hadi Januari 2015 ilipovunjwa na Hakuho wa Mongolia. Taiho huyo, ambaye Wajapani walimtukuza kupita kiasi, baba yake alikuwa mtu wa Ukraine. Basi mlango aliofunguliwa kijana wa Giza ulikuwa umejengwa na mtoto wa mgeni. Taiho alifariki Januari 2013.

Machi 2012 Shaalan akaanza kupigana. Akapewa jina la Osunaarashi Kintaro. Tufani ya mchanga ni kwa ajili ya jangwa la kwao, na Kintaro ni yule mtoto mwenye nguvu za ajabu katika ngano za Kijapani, aliyekulia milimani akipigana mieleka na wanyama.

MAISHA YA NYUMBANI MLE

Sisi tuliosoma vyuoni tunaujua mtindo wa heya bila ya kufafanuliwa. Mwanafunzi mdogo huamka mapema kuliko wote, hufagia, hupika, huwahudumia wakubwa, na hula wakubwa wakishamaliza. Mwalimu ndiye baba na mke wa mwalimu ndiye mama. Ndivyo ilivyo nyumba ya wanasumo. Mazoezi huanza asubuhi tumbo likiwa tupu. Mchana ndipo huliwa chanko, mchuzi mzito wa chunguni wenye samaki au nyama, mboga na vinginevyo, kisha watu hulala ili chakula kikae mwilini.

Osunaarashi alitakiwa ajifunze lugha, afuge nywele azifunge kishungi, na asitoke nje ila kwa vazi la kienyeji la Kijapani. Yote hayo aliyakubali. Alichokataa ni kuiacha dini yake. Nguruwe hakumgusa, na sala zake aliendelea nazo. Waliokula naye chungu kimoja walizoea.

Alipanda kama moshi. Julai 2013, miezi 16 tu tangu aanze, akafika juryo na kuingia katika wale 70 wenye mshahara. Novemba mwaka huo huo akaingia makuuchi. Wapo Wajapani wanaokesha miaka kumi wakifagia wasiipate daraja hiyo.

RAMADHANI YA NAGOYA

Sasa tufike penyewe. Mashindano ya sumo hufuata kalenda ya jua, na Ramadhani hufuata mwezi, ikirudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Katika miaka ile kalenda mbili hizo zikagongana mjini Nagoya, katika Julai, joto la Japani likiwa limefika kileleni. Mwaka 2013 Ramadhani iliingia mashindano yakiwa yamekwisha kuanza. Mwaka 2014 siku zote 15, tangu tarehe 13 hadi 27 Julai, zilikuwa ndani ya mwezi mtukufu.

Huku kwetu, karibu na mstari wa ikweta, tunafunga saa 13 na ushei, na ikifika alasiri tunajinyoosha misikitini tukilalamikia jua. Nagoya katika Julai alfajiri huingia saa tisa na dakika kadhaa za usiku, na jua huzama baada ya saa moja ya jioni. Ni saa 16 hivi bila ya tone la maji. Tena wapiganaji wa daraja la juu hupanda uwanjani baina ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, saa ambazo mfungaji huwa hana hata mate ya kumeza. Mtu wa sentimita 189 na kilo 160 hivi, aliyejengwa kwa kula, anapanda kupigana huku ulimi umemkauka.

Alhamisi ya tarehe 17 Julai, siku ya tano, akapangiwa Kakuryu, yokozuna aliyekuwa amepandishwa cheo mwaka huo huo. Osunaarashi akamshinda. Ijumaa yake, tarehe 18, akapangiwa yokozuna mwingine, Harumafuji. Huyo naye akaenda chini. Yokozuna wawili kwa siku mbili mfululizo, mbele ya mtu wa cheo cha maegashira ambaye hajatia kitu tumboni tangu daku.

Mtu wa cheo hicho akimshinda yokozuna huitwa amepata kinboshi, nyota ya dhahabu. Si jina tu. Nyota moja humwongezea mwenyewe yen 40,000 katika kila mashindano, muda wote anapokuwa katika madaraja ya mshahara. Kuna wanasumo wema waliostaafu bila ya kuiona hata moja. Yeye alizizoa mbili kwa saa 24, na nchini Misri vijana ambao hawakupata kusikia neno sumo wakaanza kulitamka.

Haki nayo isemwe. Mashindano yale aliyamaliza kwa kushinda mara saba na kushindwa mara nane, pungufu ya ushindi mmoja wa kumpandisha cheo. Wapo waliosema saumu ndiyo iliyomponza. Yawezekana. Lakini saumu haikuwekwa ili mtu ashinde mieleka. Aliyefunga akashindwa ana ujira wake, na aliyefunga akashinda hana la kujivunia mbele ya Mola wake. Mimi ninachokisifu si zile nyota mbili. Ninasifu kwamba alikuwa na udhuru chungu nzima wa kujitafutia, wala hapakuwa na mtu wa kumwona jikoni, na bado hakula.

SUALI LA MZEE

Nilipoitaja habari hii barazani baada ya sala ya alasiri, mzee mmoja aliyenipita kwa umri na kwa elimu akanitazama juu ya miwani.

"Maalim," akaniambia, "huyo kijana wako anafunga Ramadhani na mapaja yako nje. Na hiyo chumvi wanayorusha, wanamrushia nani?"

Vijana walicheka, lakini suali lilikuwa la haki na sikulikwepa. Uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti kwa kauli ya wanazuoni wengi, na ubinda wa sumo hausitiri hayo. Mila za uwanjani asili yake ni ibada ya watu wengine. Wapo watakaosema chumvi ni ada tu kama refa kurusha sarafu, na wapo watakaosema mtu huhukumiwa kwa aliyoingia. Hukumu yake nawaachia masheikh, ndio wenye mizani.

Nilimjibu mzee hivi: "Mzee wangu, ni kweli usemayo. Lakini wangapi kati yetu wamesafiri kutafuta riziki ughaibuni, Ulaya na Marekani, wakasali juu ya karatasi katika ghala la makontena, wakauza duka lenye vitu ambavyo wao hawali? Ugenini mtu hushika kamba kwa mkono mmoja. Huyu mkono mmoja hakuuachia."

Mzee akatikisa kichwa. Hakunikubalia wala hakunikatalia. Akasema tu, "Basi tungoje mwisho wake."

Mwisho wenyewe nilikuwa naujua, nikanyamaza.

GARI NA ULIMI

Baada ya 2014 Osunaarashi alifika hadi maegashira wa kwanza, cheo cha juu kabisa alichopata. Lakini mwili ulianza kumdai. Magoti ya wanasumo hubeba mzigo usio wa binadamu, na yake yalimsumbua mara kwa mara. Akawa hushiriki, hujitoa, akashushwa juryo. Katika sumo hakuna kungojewa. Asiyepigana huteremka, hata kama yuko hospitali.

Tarehe 3 Januari 2018, katika mji wa Yamanouchi mkoani Nagano, gari alilokuwamo yeye na mkewe liligongana na gari jingine. Wanasumo wamepigwa marufuku kuendesha gari, hiyo ni sheria ya Chama inayojulikana na kila mmoja wao. Juu ya hayo, hakuwa na leseni halali. Ajali ile hakuiripoti kwa Chama. Na alipoulizwa, kwanza alisema aliyeshika usukani ni mkewe.

Waama uongo una miguu mifupi. Kabla ya mwezi kwisha magazeti yalikuwa nayo habari yote, na ikabainika kwamba dereva alikuwa yeye. Akajitoa katikati ya mashindano ya Januari.

Wakati nao ulikuwa mbaya. Miezi michache nyuma, Novemba 2017, Harumafuji, yule yule yokozuna aliyeangushwa Ijumaa ya Ramadhani, alilazimika kujiuzulu baada ya kumpiga mwanasumo mwenzake katika baraza la ulevi. Nchi nzima ilikuwa ikikilaumu Chama cha Sumo kwa kufumbia macho maovu. Hakikuwa tayari kusamehe. Tarehe 9 Machi 2018 Osunaarashi aliagizwa apeleke barua ya kujiuzulu. Akaipeleka. Alikuwa na umri wa miaka 26. Miaka sita tangu aingie, tufani ikatulia.

Tazama basi jinsi mambo yalivyopangana. Bingwa mmoja wa siku zile mbili aliondoshwa na hasira, na mshindi wake akaondoshwa na ulimi. Hakuna aliyeondoshwa na mpinzani uwanjani. Sote tumelelewa na mafunzo ya Mtume (S.A.W.) kuwa mwenye nguvu wa kweli si mwangusha watu, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake ghadhabu inapopanda. Tumeyasikia utotoni hata tumeyazoea, kama mtu anavyozoea sauti ya bahari akawa haisikii tena. Kisa cha wawili hawa ndicho kilichonifanya niyasikie upya.

Na hapa ndipo ninapoliona fumbo. Mtu aliyeweza kuiambia nafsi yake "usinywe" kwa saa 16, siku baada ya siku, hakuweza kuuambia ulimi wake "sema kweli" kwa dakika moja. Je, saumu yake ilikuwa ya bure? Sithubutu kusema hivyo. Nasema tu kwamba nafsi ina milango mingi. Mtu huweka mlinzi hodari katika mlango wa tumbo, na mwizi akapita mlango wa ulimi. Nani kati yetu, akisimamishwa na askari barabarani au akiulizwa na tajiri wake kazini, hajauona ulimi ukimtangulia? Tofauti ni kwamba sisi hatuna magazeti yanayotungojea mlangoni.

YALIYOBAKI

Hakurudi tena sumo, maana aliyetoka haruhusiwi kurudi. Tarehe 30 Septemba 2018, huko Saitama karibu na Tokyo, alipanda katika ulingo wa mapigano mchanganyiko akapambana na Mmarekani Bob Sapp, jitu linalojulikana sana Japani. Akashindwa kwa uamuzi wa waamuzi.

Hata hivyo njia ya mbele aliifungua yeye. Kabla yake hapakuwa na Mwafrika aliyefungwa kishungi na kuitwa jina la sumo. Kabla yake wakuu wa nyumba waliweza kusema Mwislamu hawezi maisha haya. Sasa hawawezi, kwa sababu aliyaweza, na walioangushwa ni mashahidi.

Vijana wetu wanaokwenda mbali kutafuta maisha nawaomba wakichukue kisa hiki kizima, wasikate kipande. Wachukue daku ya Nagoya na wachukue pia barabara ya Nagano. Kwa kuwa kazi yangu ya asili ni ushairi, nawafungia kwa ubeti mmoja:

Miereka uwanjani, mwenye nguvu hupimiwa,
Ila ilo na thamani, ni nafusi kuzuiwa,
Na kweli iwe kinywani, hata ukihukumiwa,
Aangukaye mwamini, kwa toba huinuliwa.